Injini ya Kawaida au ya Spoti: Gari Dogo Lichaguliwe kwa Safari Zake

Gari la kwanza la nyumba haliji kwa bahati nasibu. Kwa askari wengi wa jeshi na polisi nchini Uganda huja kwa mkopo wa chama cha akiba, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na mkopo huo hukatwa katika mshahara kabla mwenye mshahara hajaushika mkononi. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa gari si shauri la baba peke yake. Ni shauri la nyumba nzima, nalo lina uzito sawa na karo ya watoto na bei ya unga, kwa maana vyote hivyo hutoka katika mfuko mmoja.

Huko Arua, mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, gari dogo lina kazi nyingi. Bodaboda hubeba mtu mmoja kwa haraka, lakini siku ya mvua haifai kwa mama mwenye mtoto mchanga, wala haibebi watoto watatu na mabegi yao ya shule. Ndipo familia zinapoanza kutazama gari kama Toyota Vitz lililotumika Japani. Na kila mara bei inapokaribia kuafikiwa, huzuka swali lile lile: ichukuliwe injini ndogo ya lita 1.0, au ile ya spoti ya lita 1.5, yenye herufi RS mgongoni?

Mfano uwe wa nyumba ya sajini wa polisi anayekaa Arua Hill na mkewe na watoto watatu. Baba ameona RS nyekundu na moyo wake umekwisha kuhamia humo. Mama anauliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo RS itawafikisha watoto shuleni saa ngapi, ambayo hii nyingine haiwafikishi?" Baba anajibu kwamba nguvu zake zitaonekana siku ya safari ya Kampala. Mama naye anasema: "Siku hizo ni nne kwa mwaka, kwenda na kurudi. Je, siku nyingine zote tuzilipie?"

Swali la mama ndilo swali lenyewe. Injini haichaguliwi kwa siku ya fahari. Huchaguliwa kwa safari ambazo gari litazifanya kweli, na kwa uzito litakaoubeba.

SAFARI ZIANDIKWE KWANZA

Kabla ya kwenda kwa muuzaji, yafaa baba na mama wakae na karatasi waandike safari zao za mwaka mzima. Katika nyumba ya mfano wetu, gari litashuka Arua Hill kila asubuhi, liwafikishe watoto shuleni, mama sokoni na baba kituoni, kisha lirudi jioni. Jumla ni kama kilomita 20 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi hizo ni kilomita 520, na kwa mwaka ni kilomita 6,240.

Mara mbili kwa mwezi familia huenda Koboko kumjulia hali bibi. Barabara ni ile ya lami itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, urefu wake wote ukiwa kilomita 92. Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55. Kwenda na kurudi mara mbili kila mwezi hufanya kilomita 2,640 kwa mwaka. Safari mbili za Kampala, kila moja kama kilomita 1,000 kwenda na kurudi, huongeza 2,000.

Jumla ya mwaka ni kilomita 10,880. Zaidi ya nusu yake ni mwendo wa mjini, wa gia ya pili na ya tatu, kati ya pikipiki, watembea kwa miguu na magari yanayosimama bila taarifa. Karibu robo ni barabara ya Koboko. Kampala, ile safari inayotajwa kila injini inapobishaniwa, haifiki moja ya tano.

INJINI ZENYEWE

Vitz za umbo la tatu, zilizoanza kutengenezwa mwishoni mwa mwaka 2010 na kuuzwa Japani kwa jina hilo hadi mwaka 2020, zina injini za namna tatu kuu. Ya kwanza ni ya lita 1.0, yenye silinda tatu na nguvu za farasi 69. Ya pili ni ya lita 1.3, yenye silinda nne na nguvu za farasi 95, na katika zile za baadaye 99. Ya tatu ni ya lita 1.5 ya RS, yenye nguvu za farasi 109.

Ile ya silinda tatu hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama, na sauti yake ni ya mkwaruzo ikikanyagwa sana. Wengi huisikia wakadhani ni mbovu. Sivyo, ndivyo silinda tatu zilivyo. Haina mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda, kwani hutumia cheni, na cheni hudumu sana iwapo oili hubadilishwa kwa wakati wake.

Sasa lipo jambo ambalo wauzaji hawapendi kulieleza. Injini ya lita 1.5 ya RS, iitwayo 1NZ-FE, si injini ya mashindano. Ni ndugu wa tumbo moja na ile iliyomo katika Probox, Corolla Fielder, na Premio za lita 1.5, magari yanayobeba abiria, mboga na magunia kila siku Afrika Mashariki nzima. Jambo hili lina pande mbili. Upande wa heri ni kwamba mnunuzi wa RS hana haja ya kuogopa ukosefu wa vipuri vya injini, kwa kuwa fundi anayeijua Probox anaijua na hiyo. Upande wa pili ni kwamba sehemu kubwa ya bei ya "spoti" hulipia vitu vilivyo nje ya injini: viti, urembo wa bampa, springi ngumu na rimu pana.

Vitu hivyo ndivyo vinavyoumiza baadaye. RS hiyo aghalabu huvaa matairi ya rimu ya inchi 16 yenye ubavu mfupi, ilhali ndugu yake wa kawaida huvaa ya inchi 14 yenye ubavu mrefu. Barabarani Japani hiyo ni raha. Katika njia za mtaani zisizo na lami, ambamo mvua huchimba mashimo upya kila msimu, ubavu mfupi haulindi rimu, na bampa iliyoshuka hukwaruza kila mtaro. Tairi pana tena ni ghali, na halipatikani kila duka.

HESABU YA PETROLI

Viwango vya mafuta hubadilika kwa gari, dereva na barabara, lakini hesabu ya mfano hufungua macho. Tuseme injini ya lita 1.0 hutembea kilomita 14 kwa lita mjini na 18 safarini. Ya lita 1.3 hutembea 13 na 17. Ya lita 1.5 hutembea 11 na 15. Kwa safari zile zilizoandikwa hapo juu, gari la kwanza litakunywa kama lita 704 kwa mwaka, la pili 753, na la tatu 876.

Kati ya ndogo na ya spoti kuna tofauti ya lita 172. Lita ikihesabiwa kwa shilingi 5,000, hizo ni shilingi 860,000 kila mwaka. Mkopo ukiwa wa miaka minne, nyumba itakuwa imechoma shilingi 3,440,000 zaidi, na haijanunua tairi hata moja. Kati ya ndogo na ya lita 1.3 tofauti ni lita 49 tu, yaani shilingi 245,000 kwa mwaka. Tofauti hizo mbili zikumbukwe, maana zitatoa hukumu mbele.

Kila nyumba inaweza kuifanya hesabu hii kwa bei ya petroli ya siku hiyo na safari zake yenyewe. Kalamu na karatasi vyatosha.

MLIMA WA KUTOKA PAKWACH

Isidhaniwe kwamba nguvu hazina kazi. Baba naye ana hoja, na yafaa ipimwe kwa haki.

Arua iko juu ya usawa wa bahari kwa mita kama 1,200. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo zile nguvu 69 za farasi zilizoandikwa katika karatasi za Japani, Arua huwa kama 61. Za RS nazo hushuka kutoka 109 hadi kama 96.

Halafu uongezwe uzito. Gari lenyewe lina karibu tani moja. Watu wazima watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Mihogo, samaki wa Pakwach na mabegi vikiongeza kilo 50, mzigo unafika kilo 400. Injini ndogo sasa inavuta gari ambalo limekuwa zito kwa asilimia 40.

Safari ya kurudi kutoka Kampala ndiyo hulionyesha hilo. Baada ya Karuma, barabara huufikia Mto Nile tena katika daraja la Pakwach, bondeni kwenye joto. Kutoka hapo kupitia Nebbi hadi Arua gari hupanda karibu mita 600. Mbele huenda kukawa na lori la mafuta au la saruji linalokwenda Sudan Kusini kwa mwendo wa pole. Gari la lita 1.0 lililojaa watu halina uwezo wa kulipita lori hilo mlimani kwa usalama, na dereva anayelilazimisha huachwa katikati ya njia ya wengine, injini ikilia na gari halisogei.

Dawa ya kwanza hapo haina bei: ni subira. Dereva apunguze gia mapema kabla nguvu hazijaisha, au, kama gari ni la otomatiki, atoe mkono wa gia katika D auweke katika gia ya nguvu. Azime kipozahewa, atazame joto la maji ya rejeta, na abaki nyuma ya lori hadi barabara inyooke na ionekane mbali. Dakika kumi zilizopotea nyuma ya lori hazijawahi kuifilisi nyumba.

Dawa ya pili ni kwa wale ambao safari kama hizo ndizo kazi yao. Familia inayosafiri ikiwa imejaa kila wiki mbili haifai kuilazimisha injini ya lita 1.0 kwa miaka mingi. Kwa hao ile ya lita 1.3 ndiyo iliyo njia ya katikati: ina nguvu kama theluthi moja zaidi ya ndogo, na kwa mwaka hula lita 49 tu zaidi katika hesabu yetu. Huvaa matairi ya kawaida, na haina mapambo ya kulipiwa. Nyumba ya sajini wetu, yenye watu watano na bibi Koboko, ndiyo inayoifaa.

Na yule ambaye kazi yake humpeleka Kampala kila wiki, au mwenye duka anayebeba mizigo? Huyo kweli anahitaji lita 1.5. Lakini akumbuke kwamba injini ile ile imo ndani ya Fielder na Probox, pamoja na nafasi ya mizigo na matairi ya kawaida. Nguvu atazipata, na gunia litapata mahali pa kukaa.

TURBO NI SHAURI JINGINE

Wapo pia vijana wanaotamani Toyota Starlet ya zamani yenye turbo, ile iliyoitwa Glanza V, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 1999. Hapa tofauti kati ya kawaida na spoti si ya mapambo. Injini zote mbili zina ujazo wa lita 1.3, ya kawaida hutoa nguvu za farasi 85, na ya turbo hutoa 135.

Turbo ni feni inayosukumwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia injini hewa nyingi zaidi. Huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika katika joto kali, na kinachoilinda ni oili safi tu. Oili ikichelewa kubadilishwa, au dereva akizima injini ghafla baada ya mwendo mkali badala ya kuiacha ipumue dakika moja au mbili, turbo huanza kufa, na moshi wa buluu hutoka nyuma. Tena injini hizo hutumia mkanda badala ya cheni, nao una ukomo wake. Ni hatari kununua bila kujua ulibadilishwa lini.

Gari kama hilo leo lina umri wa zaidi ya robo karne, na limepita mikononi mwa wengi walioipenda kasi. Kwa fundi mwenye karakana yake ni mchezo mzuri. Kwa nyumba inayolipa mkopo ni mzigo wa kudumu.

NGUVU HAZIFUNGI BREKI

Askari wa usalama barabarani hulijua hili kuliko wengine wote. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nguvu ya mgongano iliyozidi kwa asilimia 56 ile ya gari hilo hilo likienda kilomita 80, na hatua zinazohitajika ili breki zilisimamishe huongezeka kwa kiasi kama hicho. Mwendo umezidi kwa robo tu, lakini hatari imezidi kwa nusu na ushei. Barabarani kuna watoto, mbuzi na baiskeli zisizo na taa, na hao hawasomi herufi za RS.

Kwa hiyo, fedha inayobaki kwa kuacha injini ya spoti iwe na kazi. Ya kwanza ni matairi manne yenye meno, kisha pedi za breki, kisha mikanda ya usalama inayofunga viti vyote.

KABLA FEDHA HAIJATOKA MKONONI

Herufi za mgongoni hazina ushahidi wowote, kwani hununuliwa dukani na kubandikwa. Mnunuzi afungue boneti, asome kibao cha chuma chenye namba ya aina ya gari. Katika Vitz za umbo la tatu, KSP130 ni lita 1.0, NSP130 ni lita 1.3, na NCP131 ni RS ya lita 1.5. Katika zile za umbo la pili, za mwaka 2005 hadi 2010, namba hizo ni KSP90, SCP90 na NCP91. Namba ya kibao, ya kadi ya gari na ya injini zilingane. Zisipolingana, mazungumzo yaishie hapo.

Umri nao utazamwe. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingizwa nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Vitz za mwanzo na Starlet zote sasa hupatikana tu kwa mtu aliye nazo tayari humu nchini. Gari la namna hiyo likaguliwe na fundi asiyemjua muuzaji: injini iwashwe ikiwa baridi, moshi utazamwe, oili ichomolewe ionekane rangi yake, na gari lipandishwe mlima likiwa na watu wanne ndani. Kumzungusha mnunuzi mmoja mtaani kwa dakika tano si majaribio.

Gari la otomatiki liulizwe oili yake ya giaboksi ilibadilishwa lini na ni ya aina gani. Vitz nyingi za miaka ya karibuni zina gia za CVT, nazo hutaka oili yao maalumu. Ikitiwa ya aina nyingine, giaboksi huharibika, na gharama yake huzidi tofauti yote ya bei iliyobishaniwa.

Mwisho, mama ashirikishwe tangu siku ya kwanza hadi ya kutia sahihi. Yeye ndiye aghalabu anayejua mwezi upi karo inalipwa na mwezi upi akiba imekauka. Gari lililochaguliwa kwa kalamu ya watu wawili hulipiwa bila manung'uniko, na siku mkopo unapokwisha, injini yake bado inawaka.